Lebo za baba dukani zina herufi tupu, nani anajua kuzisoma?

BintiMafinga

Kamwene wakuu, wazee shikamooni.

Nipo Mafinga, duka la vifaa vya ujenzi. Duka ni la baba, amesimama kwenye hiyo kaunta zaidi ya miaka thelathini. Kabla ya hapo alikuwa kijana wa duka Iringa mjini, kwa tajiri mmoja wa vitambaa. Tangu apate kiharusi nimekaa mimi, kazi yangu ya Dodoma nimeiacha. Mkono wake wa kulia haunyanyuki na maneno yamemkimbia. Ukimweleza kitu anakuelewa chote, ila mdomoni yamebaki mawili matatu tu.

Shida yangu ni lebo. Kila kitu dukani kina kikaratasi chenye mistari mitatu. Wa juu ni bei ya kuuzia, kwa wino mwekundu, huo nausoma. Wa kati ni herufi kubwa tupu. Wa chini ni herufi tena, zimegawanywa na mkwaju. Nakala chache hizi hapa:

Kitasa cha mlango, 20,000. BAUIX. E/OR
Bawaba inchi nne, jozi, 5,000. RUIX. BX/OX
Msumeno wa mkono, 15,000. BXIXI. U/OR
Rangi galoni, 28,000. OBIXI. BO/OB
Jembe, 13,000. LUIX. BI/OX
Nyundo, 11,000. WEIX. O/OA
Panga, 8,500. KOIX. L/OX
Komeo dogo, 700. AUI. E/OR

Mwanzo nilidhani ni majina ya viwanda. Baadaye nikadhani ni Kihindi. Nimepekua daftari zote, hakuna ufunguo. Nikimwonyesha baba lebo na kumuuliza, "Baba, hii maana yake nini?" ananijibu "bora". Namwambia ndiyo baba, mali zako zote ni bora, watu wanazisifu mpaka Makambako. Basi anakasirika! Anapiga meza kwa mkono wa kushoto, "bora, bora", mpaka mama anakuja kuniambia nimwache apumzike.

Kinachonisumbua ni kwamba wateja wa huku hawanunui bila kupatana bei. Fundi anashika kitasa, anasema mwisho ngapi, na mimi sijui mwisho ni ngapi. Wiki iliyopita fundi seremala mmoja, mteja wa baba wa siku nyingi, kaniambia "mzee huwa ananipa kwa elfu kumi na nne". Nikampa. Usiku sikulala nikijiuliza kama nimepata au nimeliwa.

Nahisi herufi za kati ndizo bei ya kununulia, ila sina hakika. Mwenye kujua anisaidie. Nasema "herufi" tu makusudi. Nikisema "kodi", yaani "code" ya Kiingereza, atatokea mtu wa mapato humu.

---

FundiRedio_Mwanjelwa

Dada pole kwa mzee, Mungu amnyanyue.

Kama ni herufi kusimama badala ya tarakimu, sisi mafundi redio tunafanya hivyo kila siku, ila kwa rangi. Ukifungua redio yoyote utaona vidude vidogo kama punje ya mchele vyenye mikanda. Hizo ni rizista, vidude vya kupunguza umeme, na mikanda ndiyo inayotaja kipimo chake. Kidude ni kidogo hivyo, tarakimu ungeziandika wapi? Na zikiandikwa, upande utakaogeukia chini husomi kitu. Kwa hiyo wakapanga rangi kumi. Nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, rangi ya chungwa tatu, njano nne, kijani tano, bluu sita, zambarau saba, kijivu nane, nyeupe tisa. Njano, zambarau, nyekundu: nne, saba, kisha sifuri mbili. 4,700. Kijana akija kujifunza kwangu wiki ya kwanza haruhusiwi kushika hata chuma cha kulehemu kabla hajaniimbia rangi.

Hayo mambo si siri lakini, kila fundi kuanzia Tunduma mpaka Tokyo anazijua. Ya baba yako yanaonekana ni ya kufichia. Kanuni ni ileile, kitu kimoja kinasimama mahali pa kingine na wote wawili mmekubaliana. Tofauti ni kwamba mzee alikubaliana na nafsi yake tu.

---

Nzovwe_Kompyuta

Habari dada. Mimi ni mtu wa kompyuta, nimeipitia orodha yako nikahesabu. Herufi tofauti ni kumi na moja: A, B, E, I, K, L, O, R, U, W, X. Tarakimu zipo kumi. Kwa hiyo hapa nadhani FundiRedio amekosea, hii haiwezi kuwa herufi moja kwa tarakimu moja. Inawezekana ni vifupisho vya wauzaji wa jumla.

Ingekuwa kumi ningekuandikia programu. Kupanga herufi kumi kwenye tarakimu kumi kuna njia 3,628,800, kompyuta inazipitia zote kabla chai haijapoa. Tatizo ni kwamba itakurudishia majibu mengi, yote yanakubalika, na haiwezi kujua lipi ni la baba yako.

Njia ya zamani ni kuhesabu ipi inarudi sana. Hiyo aliiandika al-Kindi wa Baghdad huko karne ya 9: ukikuta maandishi yamefichwa, tafuta alama inayojitokeza zaidi, uilinganishe na herufi inayojitokeza zaidi kwenye lugha husika. Kwa Kiswahili ungeanza na A. Kwako I ipo kwenye kila lebo ya bei bila kukosa. Sijui nifanye nini na hilo, ila nalitaja.

Nje ya mada kidogo, kwa kuwa tunazungumzia mambo ya kugeuza geuza herufi. Nina kazi ya kutuma SMS kwa wakulima wa viazi wa Uyole. Mwezi mmoja salio likaisha katikati, bosi akaniangalia kama nimekula hela. Ujumbe ulikuwa na herufi 130, na SMS moja inabeba 160, lakini kila mkulima alihesabiwa mbili. Nimezunguka siku mbili kutafuta kosa. Mnajua lilikuwa wapi? Kwenye neno "mbolea ya ng’ombe". Ile alama ya juu ya ng’ombe nilikuwa nimeiandika kwenye simu, na simu inaweka iliyopinda badala ya iliyonyooka. SMS ina baiti 140, na kila baiti ni biti nane, vile vipande vidogo kabisa ambavyo simu inaandikia herufi. Kwenye orodha ya kawaida ya herufi za simu kila moja inachukua biti saba, ndiyo unapata 160. Alama iliyopinda haimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo ujumbe MZIMA unahamishiwa kwenye mpangilio wa biti kumi na sita kwa kila herufi, na nafasi zinabaki 70. Mkia mmoja wa ng'ombe umetukulia nusu ya salio. Siku hizi naandika "samadi".

---

Dereva_TundumaDar

Kijana wa kompyuta umetuletea hadithi nzuri ila binti wa watu bado hajui mwisho wa kitasa.

Mimi ni wa barabarani, herufi sizijui, ila huo mstari wa chini wenye mkwaju hebu uangalieni. Tairi zina kitu kama hicho. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mfano 2319. Hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, ndipo tairi lilipotoka kiwandani. Kuna mtu aliniuzia tairi "jipya kabisa" pale njiani, linang'aa limepakwa dawa. Nikapiga magoti na tochi, nikakuta lina miaka saba. Nikamwambia hili tairi lingekuwa mtoto lingekuwa darasa la kwanza.

Sasa huyo mzee ni mfanyabiashara. Akinunua mzigo ataandika nini kingine zaidi ya bei na tarehe? Mkwaju huo kwangu ni mwezi na mwaka. Nimemaliza, niko mizani.

---

MzeeWaKaunta

Marhaba wajukuu. Nimesoma yote nikacheka peke yangu, maana haya mambo nimeyalala nayo na kuamka nayo.

Nilianza kazi ya kaunta Iringa nikiwa kijana, duka la vitambaa. Huenda baba yako na mimi tulipishana kwenye mtaa uleule. Hilo jambo linaitwa neno la duka. Kila tajiri alikuwa na lake. Anachagua neno au maneno mawili yenye herufi kumi, na hakuna hata moja inayojirudia. Ya kwanza ni moja, ya pili ni mbili, mpaka ya kumi ambayo ni sifuri. Halafu bei aliyonunulia anaiandika kwa herufi hizo kwenye pembe ya kitambaa.

Faida yake ni hii. Mteja amesimama mbele yako, kitambaa amekishika yeye, lebo anaiona yeye. Wewe unaipitia kwa jicho moja tu huku unamsalimia habari za nyumbani, na tayari unajua ukishuka chini ya hapa unakula mtaji. Huhitaji kukimbilia daftari, wala kumuuliza tajiri kwa sauti. Hata mtoto aliyeachwa dukani mchana anapatana bei vilevile kama mwenye duka.

Sasa kijana wa kompyuta, herufi yako ya kumi na moja. Hiyo X si tarakimu. X maana yake "ile ya nyuma yangu irudie". Bei zetu zina sifuri nyingi mwishoni. Ukiandika herufi ileile mara mbili mwisho wa kila lebo, mtoto wa darasa la pili atajua hizo ni sifuri. Kwa hiyo unaweka X kuvuruga. Ukikuta X mwanzo wa lebo uniite, maana haiwezekani. Huyu binti orodha yake haina hata moja iliyoanza na X.

Kupata neno la Kiswahili ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani. Lugha yetu inapenda kurudia, hasa A. Mafinga ina A mbili, imekufa hapo hapo. Makambako ndiyo usiseme, A tatu, K mbili, M mbili. Mbeya ni safi, herufi tano na hakuna iliyorudi, lakini ni nusu ya safari, na ukitafuta nyingine tano bila E wala A utakaa mpaka duka lifungwe. Irabu zetu ni tano tu, ukizimaliza umekwama. Tajiri wangu alikuwa na neno la lugha ya kwao. Sitalisema. Alishatangulia mbele ya haki, duka halipo, lakini sitalisema.

Na ndiyo maana nakuomba binti yangu: ukilipata neno la baba yako USILIANDIKE HUMU. Hao mafundi wa Mafinga nao wana simu.

---

Mwl_Rungwe

Shikamoo mzee wangu. Habari za jioni dada.

Nafundisha hesabu sekondari huku Tukuyu, mvua imetufungia ndani toka saa nane, kwa hiyo nimekaa na orodha hii na kikombe cha chai mpaka nimeifungua. Naeleza hatua kwa hatua kwa sababu njia yake imenifurahisha, kesho naipeleka kidato cha pili.

Nimeanza alipoishia dereva. Tuchukulie mstari wa chini ni mwezi na mwaka. Miezi mingi ina tarakimu moja. Ni mitatu tu yenye mbili, yaani 10, 11 na 12. Tazameni lebo zenye herufi mbili kabla ya mkwaju: BI, BX, BO. Zote zinaanza na B. Kwa hiyo B ni moja. BX ni mbili zinazofanana, sawasawa na alivyosema mzee kuhusu X, basi ni kumi na moja. Zinabaki 10 na 12 za kugawana BI na BO. I ndiyo ile kijana aliyoiona kwenye kila bei, mara zote upande wa mwishoni, na hakuna bei ya dukani isiyo na sifuri nyuma. I ni sifuri. O ni mbili.

Nikahamia upande wa mwaka. Kila mwaka unaanza na O, mbili, yaani tuko kwenye ishirini na kitu. OB ni 21, OX ni 22. Zinabaki OR na OA. Sikuweza kujua ipi ni ipi kwa mwaka peke yake, ingawa kama alinunua mfululizo basi ni 23 na 24.

Hapo nikaandika kwenye karatasi nilichonacho: moja B, mbili O, tatu R, nne A.

Nikaweka kalamu chini.

Dada, ulishatuandikia ufunguo kwenye swali lako. Baba yako hakuwa anasifu mali. Alikuwa anakutajia neno, na la pili halikutoka.

Zilizobaki ni E, K, L, U, W na sifuri yake I mwishoni. Sikuhitaji kompyuta. BORA UKWELI. B-O-R-A-U-K-W-E-L-I, herufi kumi, hakuna iliyojirudia. Nimekaa nikaliangalia muda mrefu. Mtu anaficha bei ya kununulia kwa kutumia neno ukweli! Irabu zote tano zimo, mara moja moja. Sidhani kama alilipata kwa siku moja.

Sasa zisomeni. Kitasa BAUIX, 14,500. Bawaba RUIX, 3,500. Msumeno BXIXI, 11,000. Rangi OBIXI, 21,000. Jembe 9,500, nyundo 7,800, panga 6,200. Komeo AUI, 450. Hakuna hata moja iliyozidi bei ya kuuzia, na ukipiga hesabu ya faida juu ya bei ya kununulia, karibu zote zinaangukia kati ya theluthi moja na chini kidogo ya nusu. Komeo tu ndilo limezidi nusu, na hiyo ni kawaida ya vitu vidogo. Herufi zikibahatisha hazikai kwa mpangilio huo. Kitasa kilinunuliwa mwezi wa 8 mwaka 2023, bawaba mwezi wa 11 mwaka 2022.

Kwa hiyo yule seremala kwa elfu kumi na nne, dada, umeliwa mia tano. Pole.

---

MzeeWaKaunta

Mwalimu! Nimesema lisiandikwe, umeliandika kwa herufi kubwa, ukalikata na vistari kabisa ili wasioona vizuri nao walione.

---

Mwl_Rungwe

Nisamehe mzee wangu. Furaha ilinizidi. Nimejaribu kufuta, inaniambia muda wa kuhariri umepita.

---

Nzovwe_Kompyuta

Nakubali nimekosea kuhusu kumi na moja, na mzee ameninyoosha vizuri. X ni maelekezo tu, "rudia", kumbe nilikuwa naihesabu kama tarakimu.

Ila mzee wangu usimlaumu sana mwalimu. Mwaka 1883 Mholanzi mmoja aliyekuwa akifundisha Ufaransa, Auguste Kerckhoffs, aliandika kwamba mfumo mzuri wa siri ni ule ambao adui akiukamata wote bado hakupati, mradi ufunguo hajaupata. Hapa ufunguo ni neno. Dada akibadilisha neno, kanuni zote mlizoeleza zinabaki vilevile na mafundi wa Mafinga wanaanza upya. Kubadilisha neno ni rahisi kuliko kubadilisha kufuli.

Lakini asiandike tena tarehe kwa neno lilelile la bei. Mwalimu ameingilia mlango huo huo. Mwezi hauzidi 12 na mwaka kila mtu anaujua, kwa hiyo tarehe imetoa tarakimu tano bure. Tarehe aiandike wazi, hakuna atakayepunguziwa bei kwa kujua mwezi.

---

MzeeWaKaunta

Hapo umesema neno la kikubwa kijana. Hata sisi tarehe tuliandika wazi.

Binti, jambo moja tu la biashara, hayo ya herufi yameisha. Bei uliyoisoma kwenye lebo ni ya siku ile alipolipa. Bawaba ya 2022 kwa 3,500, ukimshushia mtu mpaka elfu nne utadhani umepata faida. Nenda kaulizie leo jumla ni ngapi. Ukiuza ya zamani lazima hela yake ikununulie nyingine mpya, la sivyo rafu zinapungua kila mwezi na wewe unafurahia faida kwenye daftari. Baba yako alijua hilo, ndiyo maana aliweka tarehe chini ya bei. Jicho lilikuwa linasoma vyote viwili. Lebo ya zamani hakushuka hata mia.

---

FundiRedio_Mwanjelwa

Nimejaribu toka asubuhi kutafuta neno langu la herufi kumi. Nimekwama kwenye nane. Mke wangu ananiuliza kwa nini naandika majina ya mboga kwenye mfuko wa unga.

---

BintiMafinga

Wakuu, nimechelewa kurudi, duka lilikuwa na watu. Asanteni sana. Mwalimu, ndaga fijo, kwa Kinyakyusa nilichonacho.

Niliposoma ujumbe wa mwalimu nilikuwa kaunta. Nimefunga saa kumi na moja, siyo kawaida yangu, nikaenda nyumbani. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, karibu na moto, huku baridi imeanza. Sikujua nianzeje. Nikachukua ile lebo ya kitasa, nikamwonyesha, nikasema "elfu kumi na nne na mia tano".

Akaniangalia. Nikasema "bora", nikanyamaza, nikamwachia yeye. Mdomo ukahangaika, likatoka "kweli". Bila ile U ya mwanzo. Mama alidhani tunabishana, akaja na mwiko mkononi.

Nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe, nisiwafiche. Miezi yote hiyo ananipa jibu na mimi namjibu "ndiyo baba, mali zako ni bora" kama naongea na mtoto. Anavyopiga meza nilikuwa naandika kwenye daftari la kliniki kwamba ameanza kuwa mkali.

Mama naye kumbe alikuwa akilijua neno miaka yote. Nikamuuliza mbona hukuniambia, kasema hukuniuliza, umemuuliza baba yako.

Mzee wa Kaunta, nimefuata ushauri. Nimepiga simu Iringa na Mbeya kuulizia bei za sasa, na ni kweli, za 2021 na 2022 nilikuwa nazigawa. Rangi ndiyo imeniumiza zaidi. Yule seremala amerudi juzi kutaka kitasa kingine kwa elfu kumi na nne. Nimemwambia mwisho elfu kumi na tisa. Kacheka, kasema "mzee amepona?"

Neno tumebadilisha. Jipya tumelitafuta mimi na mama jioni tatu, mwisho tukaongeza la Kihehe, na hapo msiniulize zaidi. Tarehe naandika wazi.

Lakini jana umeingia mzigo wa bawaba. Nikampelekea baba kikaratasi na kalamu, nikamwambia jozi ni elfu nne na mia mbili, niandikie. Nilitaka tu kuona. Ameandika kwa mkono wa kushoto, dakika nzima, herufi zimelala moja juu ya nyingine kama kuni. AOIX. Neno la zamani, maana la jipya hatujamfundisha. Hiyo lebo nimeibandika kwenye bawaba hivyohivyo.

---

Dereva_TundumaDar

Mungu amzidishie nguvu mzee.

Ila binti, umefundishwa kuficha bei na mwalimu, mzee na mtu wa kompyuta, halafu ya bawaba umetuandikia mwenyewe kwa maneno. Ijumaa napita Mafinga, nina mlango wa stoo. Naleta 4,500 na usiniambie habari za mtaji.